Alama Iliyokosa Daraja

Nataka kuwaeleza wasomaji habari ya mafungu ya namba, jinsi yanavyowekwa katika kanzidata ya kompyuta na jinsi yanavyotafutwa. Huenda wengine wakadhani kwamba jambo hili ni la wataalamu tu na halituhusu sisi wa Temeke. Lakini muhula uliopita lilimpata mwenzetu wa Kidato cha Tatu, na kosa lilikuwa langu mimi mwenyewe. Kwa hiyo sina budi kulieleza.

Siku matokeo yalipobandikwa ubaoni, mwenzetu huyo, ambaye twakaa naye dawati moja, alikuta nafasi ya daraja lake la Biolojia i tupu. Katika jedwali letu nafasi tupu ilikuwa na maana moja tu, nayo ni kwamba mtu hakufanya mtihani. Basi jina lake likaachwa nje ya orodha ya waliofaulu masomo yote. Jumatatu yake baba yake akaja shuleni. Yeye ni seremala huko Keko, na alikuja na vumbi la mbao lingali mikononi mwake. Hakufoka. Aliuliza tu imekuwaje mtoto wake hakufanya mtihani, na hali asubuhi ile yeye mwenyewe alimpa nauli na kumsindikiza mpaka kituo cha daladala. Mwalimu wa Taaluma akaniita, maana mimi ndiye niliyemsaidia kutengeneza jedwali lile katika kompyuta.

Tulipotazama tukaona hivi. Mwanafunzi huyo alipata alama 61 katika jaribio la katikati ya muhula na alama 68 katika mtihani wa mwisho. Jumla yake ni 129, na wastani ni 64.5. Sasa tazama mafungu ya Baraza la Mitihani la Tanzania kwa Kidato cha Nne, ambayo ndiyo tuliyoyafuata: A ni 75 mpaka 100, B ni 65 mpaka 74, C ni 45 mpaka 64, D ni 30 mpaka 44, na F ni 0 mpaka 29. Je, 64.5 iko wapi? Si C, kwa kuwa imepita 64. Si B, kwa kuwa haijafika 65. Imeanguka katika ufa baina ya mafungu mawili. Mafungu hayo hayana kosa lolote, kwani yaliandikwa kwa alama kamili zisizo na nusu. Ni mimi niliyeyatumia kwa wastani wenye nusu. Mtu angeyatazama kwa macho angesema mara moja, "Hii ni C," au "Hii ni B." Kompyuta haina macho. Niliiagiza itafute fungu ambalo mpaka wake wa chini hauzidi alama ile, na mpaka wake wa juu haupungui alama ile. Ikatafuta, isilione, ikaacha nafasi tupu. Nilihesabu nafasi za namna hiyo katika kidato kizima nikapata tisa. Wenzetu wanane walikuwa wamenyamaza.

Hapo nikafanya kama wafanyavyo watu wenye haraka. Niliziba nyufa kwa kuifanya mipaka igusane, nikaandika C ni 45 mpaka 65, na B ni 65 mpaka 75, mipaka yote miwili ikiwa ndani. Kompyuta ikachapa tena, na safari hii hapakuwa na nafasi tupu hata moja. Lakini kijana mmoja aliyepata 65 kamili akatokea mara mbili, mara ya kwanza ana C, mara ya pili ana B. Yeye hakulalamika, bali alitaka tu ile ya kwanza ifutwe.

Dawa ya kweli ni kuuacha mpaka wa chini uwe ndani ya fungu, na mpaka wa juu uwe nje. C ni kuanzia 45 mpaka kabla ya kufika 65. B ni kuanzia 65 mpaka kabla ya kufika 75. Hapo hapana ufa, wala hapana namba yenye wenyewe wawili, hata ukileta 64.5, au 64.99, au namba nyingine yoyote ya sehemu. Nilipomweleza baba yule, alinielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Alisema ukipiga mistari juu ya ubao mmoja ili ukate vipande vitatu, huhitaji kupima mwisho wa kipande cha kwanza halafu upime tena mwanzo wa cha pili. Mstari ni mmoja, na kila upande una mwenyewe.

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1982. Alizitazama njia zote nne za kuandika fungu la namba kamili, yaani mipaka yote ndani, yote nje, wa chini tu ndani, au wa juu tu ndani. Akachagua ile ya kuuweka wa chini ndani na wa juu nje. Moja ya faida zake ni kwamba ukitoa mpaka wa chini katika wa juu wapata hesabu ya namba zilizomo. Chukua kitabu cha stakabadhi chenye namba 4501 mpaka 4550. Waulize wenzako kina karatasi ngapi, na wengi watasema 49, kwa kuwa 4550 toa 4501 ni 49. Lakini karatasi ni 50. Ukikiandika kuwa chaanzia 4501 na chaishia kabla ya 4551, hesabu yaja sawa bila ya kukumbuka kuongeza moja. Na kitabu kinachofuata chaanza na 4551 ile ile.

Lakini je, mwenzetu apewe C au B? Ukifuata mipaka mipya, 64.5 ni C. Hili halikuwa swali la kompyuta hata kidogo. Mwalimu wa Taaluma akatoa daftari la kanuni za shule, akatuonyesha kwamba nusu hupandishwa kuwa alama kamili kabla ya kutoa daraja. Basi alama yake ikawa 65, na daraja B. Ningalilisoma daftari lile mapema, kelele zote hizi zisingalitokea. Hata hivyo niliiacha mipaka mipya mahali pake, maana siku mtu akisahau kuipandisha nusu, ni afadhali mwanafunzi aonekane na daraja la chini, ambalo ataweza kulidai, kuliko kutoweka kabisa.

Sasa nieleze habari ya kuweka. Anayeanza kazi hii aghalabu huandika fungu lote mahali pamoja kama neno, "65-74", kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa katika karatasi. Kwa kompyuta hayo ni maandishi tu. Haijui kwamba ndani yake mna namba mbili. Mbaya zaidi, maandishi hupangwa kwa herufi ya kwanza, kama katika kamusi, na kwa mpango huo "100" hutangulia "65", kwa kuwa 1 hutangulia 6. Tena "9" huja baada ya "74". Kwa hiyo yapasa kuwa na safu mbili za namba, moja ya mpaka wa chini na moja ya mpaka wa juu, na kando yake jambo linalohusika na fungu hilo.

Mara nyingine jambo hilo si herufi moja tu. Mjomba wangu hufanya kazi katika ghala moja huko Kurasini, na mwaka jana aliingiwa na hofu alipoahidiwa nyongeza ya mshahara. Alisikia kijiweni kwamba mshahara ukivuka 520,000 kodi hupanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 20, akahesabu asilimia 20 ya mshahara wote, akaona nyongeza itamfilisi. Nilimchorea jedwali la viwango vilivyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2021. Mapato ya mwezi yasiyozidi 270,000 hayatozwi kitu. Yanayozidi hapo mpaka 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000. Yanayozidi 520,000 mpaka 760,000 hutozwa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kile kilichozidi 520,000. Kutoka hapo mpaka 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya ziada; na juu ya 1,000,000 ni 128,000 na asilimia 30 ya ziada. Basi mtu anayetozwa kodi juu ya 520,000 hulipa 20,000. Akiongezwa 10,000 hulipa 22,000, na 8,000 zabaki mfukoni mwake. Mjomba alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniambia nisimwambie shangazi kwamba alikuwa karibu kuikataa.

Msomaji mwangalifu ataona mambo mawili katika jedwali hilo. La kwanza, kila mstari wataka safu nne: mpaka wa chini, mpaka wa juu, kodi ya kuanzia, na asilimia ya ziada. La pili lilinipendeza sana nilipoligundua. Hapa mpaka wa juu ndio ulio ndani ya fungu, kinyume cha madaraja yetu, kwa kuwa sheria husema "inayozidi". Lakini hata ukikosea mpakani hakuna anayedhulumiwa, maana 520,000 kamili hutoa 20,000 kwa mstari wa pili, na kwa mstari wa tatu hutoa 20,000 na asilimia 20 ya sifuri, yaani 20,000 ile ile. Kodi hupanda kama mteremko. Madaraja ya mtihani hupanda kama ngazi. Penye ngazi ndipo mpaka unapoumiza.

Fungu la mwisho la kodi halina mpaka wa juu. Tuandike nini katika safu yake? Ukiacha tupu, katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya kuulizia kanzidata nyingi, utupu ule si sifuri wala si namba kubwa. Maana yake ni "haijulikani". Ukiuliza kama 1,500,000 ni chini ya kitu kisichojulikana, jibu nalo halijulikani, na mstari ule huachwa. Kwa hiyo tajiri hukosa kodi kama vile mwenzetu alivyokosa daraja, ila yeye hatakuja kulalamika. Sharti uiambie kompyuta waziwazi kwamba utupu katika safu ile maana yake ni "pasipo mwisho".

Sasa tuje kwenye kutafuta. Mafungu matano ya madaraja kompyuta huyapitia yote kwa kufumba na kufumbua. Tazama lakini namba za simu. Hapa kwetu namba ya simu ya mkononi ina tarakimu kumi, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huyapa makampuni namba kwa mafungu. Namba zote zinazoanza na 075, ambazo ni za Vodacom, ni kuanzia 0750000000 mpaka 0759999999, yaani namba milioni kumi. Hapana mtu mwenye akili atakayeandika mistari milioni kumi ikiwa mstari mmoja watosha. (Na hapa namba huwekwa bila ya ile sifuri ya mbele, au kama maandishi yenye urefu ule ule, la sivyo sifuri hupotea.)

Tuseme una mafungu elfu moja, yamepangwa kwa mpaka wa chini kutoka dogo hadi kubwa, na hakuna mawili yanayoingiliana. Umepewa namba moja utafute fungu lake. Fanya kama unavyotafuta neno katika kamusi: fungua katikati. Kama mpaka wa chini ulioukuta ni mkubwa kuliko namba yako, tupa nusu ya mbele. Kama sivyo, tupa nusu ya nyuma. Kutoka 1,000 wabaki na 500, halafu 250, halafu 125, na baada ya hatua kama kumi umefika. Kwa mafungu milioni moja ni hatua kama ishirini tu. Unachotafuta ni mpaka wa chini ulio mkubwa kuliko yote isiyozidi namba yako. Ukiupata, usisahau kutazama na mpaka wake wa juu, kwa sababu huenda namba yako imo katika sehemu ambayo bado haijagawiwa mtu. Kanzidata hufanya kazi hiyo kwa faharasa iitwayo mti wa B, ambayo Rudolf Bayer na Edward McCreight waliieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1972. Kila tawi lake hubeba namba nyingi pamoja, hata hatua za kusoma huwa chache zaidi.

Tangu Machi 2017 jambo la simu limeongezewa fundo moja. Mwezi huo ilianza ruhusa ya kuhama kampuni bila ya kubadili namba, kwa hiyo mtu aweza kuwa na namba ya 075 naye yuko kwa kampuni nyingine. Fungu la milioni kumi sasa lina matundu kama chekeche. Je, tulikate vipande kila mtu anapohama? Yafaa zaidi kuwa na orodha ya pili ya waliohama, kila namba na kampuni yake mpya. Watazama huko kwanza, na usipoiona ndipo urudi kwenye fungu kubwa.

Shida kubwa ni pale mafungu yanapoingiliana yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu njia ya kamusi hutegemea kwamba hayaingiliani. Fikiri kitabu cha maktaba kinachosema mada fulani iko ukurasa wa 3 mpaka 900, nyingine 10 mpaka 12, nyingine 850 mpaka 870. Ukiulizwa ni mada zipi zimo katika ukurasa wa 860, kupanga kwa mpaka wa chini hakukusaidii sana, maana zote tatu zaanza kabla ya 860, na huna budi kuzitazama zote. Wataalamu walitengeneza mti wa namna nyingine, ambao katika kila tawi huandikwa mpaka wa juu ulio mkubwa kuliko yote iliyomo katika tawi lile. Ukifika kwenye tawi na kukuta kwamba fungu linalofika mbali kuliko yote laishia 700, nawe watafuta 860, waliruka tawi zima bila ya kulifungua. Mwaka 1984 Antonin Guttman alieleza mti unaofanana na huo kwa mistatili ya ramani. Na programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL, ambayo hutolewa bure, tangu toleo lake la 9.2 la mwaka 2012 ina aina maalumu ya fungu: huandiki tena safu mbili, bali waandika kitu kimoja, [65,75), ambapo bano la mraba lasema "umo ndani" na bano la duara lasema "uko nje". Nilipoliona bano lile la duara nilicheka peke yangu, nikamkumbuka seremala wa Keko.

Programu hiyo yaweza pia kukataa mafungu yanayoingiliana. Kuna kanuni fupi ya kujua kama mafungu mawili yanaingiliana, nayo ni hii: kila moja huanza kabla ya jingine kwisha. Tuijaribu kwa maabara yetu, ambayo hugombewa kila wiki. Kidato cha Pili wana kipindi saa 2:00 mpaka 2:40, na Kidato cha Nne saa 2:40 mpaka 3:20. Kidato cha Pili waanza kabla ya 3:20, ni kweli. Lakini Kidato cha Nne hawaanzi kabla ya 2:40, bali saa ile ile. Basi hapana mgongano, mmoja atoka na mwingine aingia. Tuseme Kidato cha Tatu wataka saa 2:20 mpaka 3:00. Hao waanza kabla ya 2:40 na Kidato cha Pili waanza kabla ya 3:00, basi wagongana. Na kwa Kidato cha Nne vilevile. Kanuni moja yatosha kwa kila namna ya kugongana, hata fungu dogo likiwa ndani ya kubwa, ambayo ndiyo namna wanayoisahau wengi.

Neno moja juu ya madaraja yenyewe. Mafungu haya hubadilika. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi, na ya mwaka 2015 yakarudi kwenye divisheni, ambazo nazo ni mafungu: pointi 7 mpaka 17 ni divisheni ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, 22 mpaka 25 ya tatu, na 26 mpaka 33 ya nne. Kwa hiyo ukiweka matokeo ya miaka mingi, kila fungu lataka na fungu la miaka yake. Ukilifuta la zamani na kuandika jipya juu yake, utawabadilishia watu matokeo yao waliokwisha kumaliza shule.

Orodha mpya ilibandikwa Jumatano, na jina la mwenzetu likiwemo. Muhula huu, kabla ya kuchapa chochote, niliandika karatasini alama zote za mpakani na jirani zake, 0, 29.5, 30, 44.5, 45, 64.5, 65, 74.5, 75 na 100, nikazipitisha moja moja katika jedwali. Zote zilijibu vizuri mpaka nilipofika 100, ikatoka nafasi tupu. Nilikuwa nimeandika kwamba A ni kuanzia 75 mpaka kabla ya 100, na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuwa amepata 100 ya Hisabati. Nilifuta 100 nikaandika 101, nikajaribu tena, ndipo nikaipeleka karatasi kwa Mwalimu.